Chubwi za mshipi: kununua, kusubu mwenyewe au kufungia plagi kuukuu?

Mshipi_Mkoani
Assalaam aleykum. Mimi si mvuvi wa kutegemea; huvua siku za mapumziko tu, kwa mshipi wa mkono, katika ngalawa ya mjomba wangu hapa Mkoani, Pemba, na kila tukitoka huacha chubwi, yaani vile vizito vya kuzamishia ndoana, tatu au nne katika matumbawe. Bei ya chubwi za dukani imeanza kuishinda thamani ya samaki aina ya changu ninaowaleta nyumbani. Ninafikiria kukusanya madini ya risasi kuukuu gerejini, niyayeyushe na kusubu chubwi mwenyewe, au niiache risasi kabisa, nifungie plagi za pikipiki zilizokufa. Naomba mnilinganishie, hasa mliokwishajaribu.

Fundi_Wete
Waaleykum salaam. Kwa gharama, kusubu hakuna mpinzani, kwa sababu risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 na jiko la mkaa linatosha. Mimi hutumia vile vizito vinavyopigiliwa kwenye rimu za magari, ingawa siku hizi vingi ni vya chuma au zinki. Vya chuma huelea juu ya risasi iliyoyeyuka, na vya zinki huhitaji joto la karibu nyuzi 420, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani utaviopoa kabla havijachanganyika. Jihadhari na unyevu kuliko moto wenyewe. Niliwahi kumimina katika kalibu ya mchanga niliodhani umekauka, maji yaliyobaki yakageuka mvuke papo hapo, na risasi ikanirukia mkononi. Kovu ninalo.

Bi_Chwaka
Ndugu Fundi, umetaja mkono, hukutaja watoto. Vumbi la risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, na huharibu ubongo wa mtoto pasipo dalili ya kumshtua mzazi. Tusiende mbali: mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia, baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwatia sumu hiyo. Anayesubu asubu nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sufuria isiyorudi jikoni tena, na asithubutu kuvunja betri ya gari, kwani humo mna risasi ya unga pamoja na tindikali. Mimi ningenunua, nikavua mara chache.

Nahodha_Nungwi
Mnalinganisha bei, na bahari inalinganisha ujazo. Gramu 200 za risasi zina ujazo wa sentimita za ujazo 18 hivi, za chuma 25, na za jiwe gumu zaidi ya 70. Ndani ya maji ya chumvi, risasi hiyo hubaki na uzito wa gramu 180 na ushei, ilhali jiwe hubaki na 125 tu, tena mkondo umepata kitu kikubwa cha kusukuma. Siku za bamvua, mkondo ukiwa mkali, ukiwa kwenye kina, plagi itakokotwa mbali na chambo hakitafika chini, maana kigae chake cheupe ni chepesi na mwili wake una uwazi. Maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, penye kina kifupi, plagi inafaa bila ya shaka. Linalonishangaza ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini chubwi zinapotea. Fungia chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe: ikinasa, uzi huo hukatika, ndoana na samaki vikarudi.

Fundi_Wete
Nakubaliana na Bi_Chwaka kuhusu betri; sijawahi kuzigusa. Lakini kwa uzi dhaifu wa Nahodha chubwi hupotea zaidi, si kidogo, na hapo ndipo bei ya dukani inapouma.

Nahodha_Nungwi
Ndiyo maana kwenye matumbawe nafungia plagi. Risasi naiweka kwa ajili ya kina chenye mchanga, ambako nyingi hurudi.

Mshipi_Mkoani
Nimeelewa, na nawashukuru. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo kusubu nimekuacha. Nitanunua risasi chache za kinani, na kesho nitapita kwa fundi pikipiki kuuliza plagi zake anazitupa wapi.