Nimeanza na Njama ya Elvis Musiba: je, nirudi kwenye kitabu cha kwanza cha Willy Gamba?

Msomaji wa Ngamiani

Salaam kwenu wapenzi wa riwaya. Wiki iliyopita, kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Tanga, nilipata nakala ya Njama ya Elvis Musiba, jalada likiwa limechakaa na kurasa za mwisho zikiwa zimenyofoka. Nilikusudia kuisoma kidogo kidogo kila baada ya sala ya isha, lakini usiku wa kwanza sikuiweka chini mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mpelelezi Willy Gamba alikwishatokea katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, nami nimeingia katikati ya safari yake bila kujua alikotoka. Je, nimejiharibia ladha ya mfululizo mzima? Na je, inafaa nivitafute vile viwili kwanza kabla ya kutafuta nakala kamili ya hiki? Nawaomba sana, asitokee mtu wa kunieleza mwisho wake.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Kijana wangu, hujaharibu kitu. Willy Gamba mwenyewe habadiliki sana kutoka kitabu hadi kitabu. Hazeeki, na majeraha yake hayamfuati mbali. Kinachobadilika ni ramani ya adui, na kwa sababu hiyo nakushauri uvisome kwa mpangilio, ijapokuwa kila kimoja kinasimama chenyewe.

Tazama miaka. Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, wakati Msumbiji na Angola zilikuwa bado chini ya Wareno. Kikosi cha Kisasi kilipotoka mwaka 1979, nchi hizo mbili zilikuwa na miaka minne ya uhuru, na vita vilikuwa vimesogea hadi Rhodesia ya Ian Smith, yaani Zimbabwe ya leo. Njama kilitoka mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya Zimbabwe kupandisha bendera yake, na waliobaki chini ya makaburu walikuwa watu wa Namibia na Afrika Kusini. Msomaji anayefuata mpangilio huo anaiona mipaka ya ukoloni ikirudi nyuma kuelekea kusini, na anaelewa kwa nini adui wa vitabu hivi ni mkali kiasi kile, kwa maana anapigania kipande cha mwisho alichobakiwa nacho.

Sisi tulivisoma kwa zamu, nakala moja ikipita mikononi mwa darasa zima, na hatukuviona kuwa hadithi za kubuni tu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Nilikuwa bado mwanafunzi tarehe 3 Februari 1969, siku ambayo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa katika jiji hilo hilo kwa bomu lililotegwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mtu aliyekulia katika habari kama hizo, anapomsoma mwandishi anayeeleza kwamba ofisini mwa wapigania uhuru yumo msaliti, hahitaji kushawishiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na watu wa zama zile walilijua hilo kwa machungu.

Binti wa Pangani

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu ramani, ila naomba nitofautiane kidogo na sifa ambayo wengi wetu tunaipa kasi peke yake. Mimi nililelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960. Yule bwana huketi na kiko chake akapima kauli za watu, na msomaji hupata nafasi ya kukisia pamoja naye. Kwa Musiba nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu kabla hujamaliza kumshuku mtu, tayari risasi zimelia na gari limeondoka. Zaidi ya hapo, wanawake wengi katika riwaya zetu za upelelezi za miaka ile, tena si za Musiba tu, huletwa wawe chambo cha kumnasa shujaa au zawadi ya ushindi wake, na mwendo wa hadithi ukiwa wa mbio kiasi hicho hakuna mahali pa kuwauliza wao wanataka nini. Nasema haya nikiwa msomaji anayevipenda vitabu hivyo na kuvitunza.

Msomaji wa Ngamiani

Nawashukuru nyote wawili. Dada, umenifanya niyakumbuke upya mazungumzo fulani ambayo niliyapita haraka mno. Mwalimu, jambo moja bado linanitatiza: ikiwa shujaa wa mfululizo ni lazima aokoke ili kitabu kinachofuata kiandikwe, ile hofu niliyoisikia usiku ule ilitoka wapi?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni

Marahaba binti yangu. Hoja ya wanawake ni ya kweli, wala siwezi kuipinga.

Kijana, swali lako ni zuri. Katika Kufa na Kupona Gamba anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza tunajua kwamba ameokoka, na bado mikono hututoka jasho. Hofu yetu haimhusu yeye; inawahusu wale walio karibu naye, na ile kazi aliyotumwa, ambayo inaweza kuharibika hata yeye akirudi nyumbani mzima. Mwandishi wa riwaya ya njama hutupa saa inayokimbia na mtu mmoja asiyeaminika miongoni mwa wanaoaminika, halafu hatuambii ni nani. Kasi inatuzuia tusimgundue mapema. Hapo ndipo mimi ninapoitetea kasi mbele ya binti yetu wa Pangani.

Ninazo nakala za vitabu vyote vitatu, na Njama yangu haijapungua ukurasa. Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa Bustani ya Jamhuri, upande unaotazama bandari. Nitakuletea Kufa na Kupona kwanza; ukikirudisha utachukua cha pili, na Njama utaimalizia mwisho.