Naomba ushauri: tunafanya kazi pamoja mtandaoni lakini hatujuani

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Nasimamia timu ndogo ya huduma kwa wateja. Wengine wako Dar, Mwanza na Arusha, wawili wako Kigali, na kila mtu anafanyia kazi nyumbani. Kazi zinakwenda vizuri, ila hatujuani. Juzi juzi mwenzetu alifiwa na mama yake, sisi tukajua mazishi yameshapita. Hakuna aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuambiwa. Limeniuma sana.

Nilifungua kundi la WhatsApp la soga tu, mambo ya kazi marufuku. Limejaa "asubuhi njema" na picha za maua, basi. Nikaanzisha kijiwe cha Zoom kila Ijumaa saa kumi jioni, Kigali ikiwa saa tisa. Wanaingia, kamera zimezimwa, kimya, wanasubiri mimi niongee. Nahisi uwepo wangu unawabana, na bando wanajinunulia wenyewe, kwa hiyo video siwezi kuwalazimisha.

Sasa nawaza kuwapanga wawili wawili wapigiane simu ya kawaida, robo saa tu, ndani ya muda wa kazi, wakibadilishana kila wiki.

Kwa mliowahi kufanya hivi, mlianzaje bila watu kuona wameongezewa kazi? Na kile kijiwe cha Ijumaa, nijitoe niwaachie wenyewe, au nikijitoa ndiyo kitakufa kabisa?

Natanguliza shukrani.