Ushauri: Nataka kubadili muundo wa databesi ya ofisi bila kuwasimamisha wenzangu

Chapa2
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa haraka. Ofisini tuna databesi ya Microsoft Access, tunaitumia watu sita. Jedwali la wateja lina fildi (safu za jedwali) 12 za malipo, Malipo1 mpaka Malipo12, kila mwezi na yake. Mwaka ukiisha tunanakili jedwali zima na kuanza upya. Nataka malipo yahamie kwenye jedwali lake, na NambaMteja ambayo ni fildi ya maandishi iwe ya tarakimu, maana sasa inapanga 10 kabla ya 2. Swali ni moja tu: nifanyeje bila kusimamisha kazi? Mwisho wa mwezi umekaribia, siwezi kumwambia bosi tufunge.

Kipimo
Kutoa malipo kwenye jedwali la wateja ni sahihi kabisa. Jedwali jipya, tblMalipo, liwe na fildi nne: MalipoID ya AutoNumber (namba ambayo Access huitoa yenyewe), MtejaID (namba ya ndani ya mteja, siyo NambaMteja) ya Number yenye ukubwa wa Long Integer, yaani namba kamili, Mwezi ya tarehe (weka tarehe 1 ya kila mwezi, usiandike neno "Januari"), na Kiasi ya Currency. MtejaID iwe Long Integer kwa sababu AutoNumber ya upande wa wateja ni hiyohiyo. Zikitofautiana, Access inakataa kuulinda uhusiano wa majedwali hayo mawili. Kuhamisha ni kweri (maagizo kwa databesi) 12 za kuongeza rekodi, moja kwa kila fildi:

INSERT INTO tblMalipo (MtejaID, Mwezi, Kiasi) SELECT MtejaID, DateSerial(2025,1,1), Malipo1 FROM tblWateja WHERE Malipo1 Is Not Null;

Kila ukimaliza moja, linganisha jumla ya fildi ya zamani na jumla ya Kiasi cha mwezi huo. Zikipishana hata senti, simama hapohapo. Fildi za zamani usizifute mpaka mwezi mzima uishe bila malalamiko.

Mama Ripoti
Na ripoti je? Zote zinasoma Malipo1 mpaka Malipo12. Tengeneza kweri ya krostabu inayorudisha miezi 12 ikae safu kwa safu, na vichwa vya safu uviorodheshe mwenyewe kwenye sifa ya Column Headings. Usipoviorodhesha, mwezi usio na malipo hautoi safu, na ripoti inayoitafuta safu hiyo inagoma. Ila fomu ya kuingizia malipo usiijenge juu ya krostabu, haiandikiki. Hapo inatakiwa fomu ndogo ndani ya fomu ya mteja.

Nahodha
Mnamjibu mengine. Kauliza kuhusu kubadili watu wakiwa ndani, na jibu ni hapana. Jedwali likiwa wazi kwa mtu mwingine, Access inakuonyesha muundo wake kwa kusoma tu. Angalia pembeni ya faili kama kuna jingine la jina lilelile lenye mwisho wa .laccdb, ndilo kufuli la Access; likiwepo, kwa kawaida kuna mtu yumo. Subiri wote watoke, fungua faili peke yako, ndipo uguse muundo. Chapa2, tuambie mambo matatu: faili limegawanywa, data upande mmoja na fomu upande mwingine? Linakaa wapi? Bekapu ya mwisho ni ya lini?

Chapa2
Halijagawanywa. Linakaa kwenye folda ya pamoja. Bekapu zipo, tena nyingi. Naomba tubaki kwenye swali, wakuu.

Mzee wa Rejista
Mimi nitabaki kwenye NambaMteja. Namba usiyoijumlisha wala kuitoa ni jina la mtu, iache iwe maandishi. Ukiigeuza tarakimu, 00417 inakuwa 417, na kama kuna mteja mwingine aliyeandikwa 417, umewaunganisha watu wawili. Yenye herufi, mfano K-0032, inafutwa kabisa. Access inakutajia idadi ya rekodi zitakazopoteza data na kukuuliza kama uendelee, basi. Kama shida ni mpangilio, kwenye kweri panga kwa Val(Nz([NambaMteja],"0")) (Val husoma tarakimu za mwanzo wa maandishi, Nz huweka 0 palipo tupu), kisha kwa NambaMteja yenyewe. Data imebebeshwa ahadi ya ofisi kwa mteja. Tuiguse kwa adabu.

Chapa2
Kuhusu hilo, nimeshaibadili leo asubuhi. Ilikuwa imezuiliwa na uhusiano, nikaufuta kwanza. Ujumbe wa kupoteza data niliuona, nikakubali, kwa sababu zenye herufi ni za wateja wa zamani ambao hawalipi tena. Malipo1 na Malipo2 nimeshazihamisha pia. Kurudi nyuma ni kutupa kazi nzuri. Wenzangu wanaendelea kuingiza mpaka sasa na hakuna aliyelalamika.

Kipanga
Wakuu, uzi huu una walakini. Asubuhi ya kazi, watu sita ndani, mtu anafuta uhusiano, anabadili aina ya fildi, halafu hakuna fomu hata moja iliyogoma? Nahodha ameshaeleza kwamba Access inazuia. Mtu aliyewahi kuligusa faili la pamoja hawezi kusimulia hivi. Naona tunapotezewa muda na kisa cha kutunga.

Mama Ripoti
Hata mimi nimeanza kushuka moyo. Bekapu "nyingi" lakini tarehe hazitajwi.

Nahodha
Subirini. Kuna hali moja ambayo yote haya yanawezekana: kila mmoja awe na faili lake bila kujua. Chapa2, hiyo folda ya pamoja iko kwenye seva ya ofisi, au ni folda ya wingu inayojisawazisha kwenye kila kompyuta?

Chapa2
Ya wingu. Wawili wetu wanafanyia kazi nyumbani, ndiyo maana tuliichagua, na imetufaa. Bekapu nilizosema ni mafaili yanayojitokeza humo yenyewe, jina la databesi likifuatiwa na jina la kompyuta.

Nahodha
Hizo siyo bekapu. Ni kazi za wenzako ambazo hazijaingia popote. Wingu linasawazisha faili zima, Access inaandika vipande vidogo ndani yake, na kufuli la .laccdb haliwafikii walio kwenye kompyuta nyingine. Kila mtu yuko peke yake ndani ya nakala yake, kwa hiyo muundo ulikubali. Mbili zikigongana, moja inaifunika nyingine au inatupwa pembeni kwa jina la kompyuta.

Wote wafunge Access sasa hivi na usawazishaji usitishwe kwenye kila kompyuta. Kusanya faili kutoka kompyuta moja moja, siyo kutoka kwenye wingu, pamoja na hayo ya pembeni, uyaweke kwenye diski nje ya folda hiyo. Nakili kwanza, kufungua baadaye. Kisha kwenye historia ya matoleo ya wingu shusha toleo la mwisho kabla hujaigusa NambaMteja. Hilo ndilo msingi. Lako la asubuhi usijenge juu yake, zile namba zilizofutwa hazimo tena.

Fungua faili jipya tupu, ingiza majedwali ya msingi, na nakala nyingine uziunganishe kama majedwali ya nje. Tafuta wateja waliomo kwenye nakala lakini hawamo kwenye msingi, ila kwa jina na simu, siyo kwa MtejaID. Kila nakala iliendelea kuhesabu kutoka pale ilipoachana na nyingine, kwa hiyo namba moja inaweza kuwa ya wateja wawili tofauti. Unapowaongeza, MtejaID iache ijitoe upya, na ile ya zamani iweke kwenye fildi ya muda pamoja na jina la nakala, ili majedwali mengine yanayomtaja mteja huyo yafuate. Hapo ndipo uanze kazi ya Kipimo.

Kipanga
Chapa2, tuhuma nimeziondoa. Ukimaliza, ligawe faili: la data likae kwenye seva ndani ya mtandao wa waya, kila kompyuta iwe na faili lake la fomu. Kwenye folda ya data kila mtu awe na ruhusa ya kusoma, kuandika, kuunda na kufuta, maana .laccdb huundwa na kufutwa kila siku. Walio nyumbani waingie kwenye kompyuta ya ofisini kwa mbali. La sivyo, data ihamie SQL Server, programu ya databesi ya kwenye seva, na Access ibaki na fomu tu.

Chapa2
Nimeshawafungisha wote. Bosi nimemwambia. Na malipo ya wateja wa zamani, yaliyoingizwa leo kwenye nakala tofauti?

Nahodha
Hao MtejaID yao ni salama, walikuwepo kabla nakala hazijaachana. Unganisha msingi na kila nakala kwa MtejaID, uchuje kwa Nz(a.Malipo11,0) <> Nz(b.Malipo11,0), fildi kwa fildi (a ni msingi, b ni nakala). Usiache Nz: kilicho tupu kikilinganishwa na kiasi, rekodi inaachwa nje kimyakimya, na hizo ndizo unazozitafuta. Nakala mbili zikitaja viasi tofauti kwa mteja mmoja mwezi uleule, kweri isiamue. Toa kishina cha risiti, uingize kwa mkono.