Nyumba salama imejaa na waliopona hawana pa kwenda. Tuiombe serikali nini?

Mjitoleaji: Wakuu habari zenu. Najitolea kwenye nyumba salama ya wanawake waliokimbia vipigo. Utaratibu ni miezi mitatu mtu anaondoka, lakini kuna dada ana mwezi wa nane, na watoto wawili. Kazi anayo. Kila mwenye nyumba anataka mdhamini na malipo ya mbele. Ufunguo wa kule alikokimbia bado kaufunga kwenye mkanda wa begi. Nilimuuliza kwa nini hautupi, akasema, "Huku kukinishinda, nitarudi." Na kila wiki kuna wengine tunawakosesha nafasi mlangoni.

Sasa halmashauri inataka maoni yetu. Wenzangu wanasema tuombe vitanda. Mimi nasita. Naomba kuwasilisha.

Fundi Sheria: Vitanda ombeni, ila kinachowaziba ni kukosekana kwa nyumba za umma za kupanga. Sheria peke yake haitoshi. England, tangu sheria ya 2021, aliyekosa makazi kwa kukimbia ukatili wa nyumbani ana kipaumbele moja kwa moja, hahitaji tena kuthibitisha kuwa yu dhaifu kuliko wengine. Safi kabisa. Lakini nyumba ni chache, wengi wanasota kwenye makazi ya muda.

Mchokonozi: Mbona anayehama siku zote ni aliyepigwa? Austria tangu 1997 polisi wanaweza kumtoa mpigaji, hata kama nyumba ni yake. Siku hizi anakatazwa kusogea kwa wiki mbili, na mama akiomba amri ya mahakama muda unaongezeka. Ombeni na hilo.

Mjitoleaji: @Mchokonozi nimelipenda, ila wengine hawataki hata kuuona ule mlango tena.

Mchokonozi: Basi achague mwenyewe. Leo hana hata cha kuchagua.

Kijana wa Zamu: Mkigawa nyumba, si kila mtu atasema kapigwa?

Fundi Sheria: Mkuu, nani anabeba watoto usiku na kulala chumba kimoja na wageni kwa miezi minane ili apate nyumba ya kupanga? Tuendelee. Finland tangu 2008 wamegeuza mabweni mengi ya wasio na makazi kuwa nyumba za kawaida, mtu ana mkataba kwa jina lake, msaada unamfuata humo humo. @Mjitoleaji, mna daftari? Hesabuni mliowakosesha nafasi, na waliotoka walikwenda wapi. Halmashauri haibishani na daftari.

Mjitoleaji: Lipo. Safu ya "alikokwenda" imejaa "kwa ndugu", na sijui wangapi ni kweli. Kesho naanza kuwapigia.

Mama Wawili: Dada yangu, usipige hovyo! Niliwahi kupigiwa hivyo, simu akapokea yule yule aliyekuwa ananipiga. Subiri wakutafute, au pitia kwa mtu ambaye dada mwenyewe, alipoondoka, alikuachia namba yake.

Mjitoleaji: Asante mama. Sikuwa nimeliwaza kabisa.