Mrejesho: Wivu wangu kwa mwenzangu wa kwaya

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza nifanyeje na wivu ulionitafuna kila mara dada mwenzangu wa kwaya alipopewa kuongoza wimbo. Wengi mliniambia niache kujitetea kwamba "natafuta haki tu", niutaje kwa jina lake mbele za Mungu. Nilinuna kidogo, nakiri.

Nikarudi kwenye Biblia, 1 Samweli 18, Mfalme Sauli alipomwonea Daudi wivu hadi akamrushia mkuki. Kilichonichoma si mkuki wa Sauli, ni kwamba mambo yalianzia kwenye wimbo: Daudi kaimbiwa kwamba ameua makumi elfu vitani, Sauli maelfu tu, basi Sauli akaanza kupiga hesabu. Mimi nami nilikuwa nahesabu, hadi "amina" alizoitikiwa dada huyo!

Aliyenishauri nimwombee azidi kufanikiwa alinipa dawa chungu. Wiki ya kwanza maneno yaliishia mdomoni. Kama ya tatu hivi, nikajikuta namwombea kwa machozi. Kumwungamia mwenyewe bado. Mchungaji kasema nisiharakishe kumtwisha mzigo asioujua, nami nimeona ana hoja.

Jumapili iliyopita aliongoza tena. Ubeti wa kwanza niliumia. Wa pili nikaimba.