Fundi wa Mwanza kanirudishia bunduki inayojifyatua ukifunga bolti, halafu ananiambia "funga taratibu"

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Nilipeleka bunduki yangu ya kuwindia kwa fundi mmoja hapa mjini, anayesifiwa sana na wawindaji wa Kanda ya Ziwa (jina silitaji, msinifuate inboksi), anipunguzie uzito wa triga, yaani nguvu inayohitajika kuivuta. Imerudi ikiwa inajifyatua ukifunga bolti (kile chuma cha mkono kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) kwa nguvu. Sisemi ni nyepesi kupita kiasi. Inajifyatua, kidole kikiwa mbali kabisa na triga.

Ni Brno ya bolti, kaliba .30-06, nimeirithi kwa marehemu baba kihalali na leseni yake iko hai. Triga yake ilikuwa nzito kweli, karibu kilo tatu nilipoipima kwa ile mizani ndogo ya kuning'iniza mizigo. Uzito huo ni tatizo, silikatai. Ukivuta kwa nguvu mtutu unahama, risasi uliyoilenga begani inaingia tumboni, na hapo mnashinda kutwa mnafuata damu ya mnyama anayeteseka. Nilimwambia fundi kwa Kiswahili chepesi: nishushie mpaka kilo moja na nusu, ikifika mbili si neno, lakini isiende chini ya moja na nusu. Hapo ndipo zilipo bunduki nyingi za kuwindia zikitoka kiwandani. Akajibu, "Hiyo kazi ndogo kaka, njoo kesho."

Nikaja, nikalipa, nikaondoka nayo. Nyumbani, kabla risasi yoyote haijasogea karibu, nikafungua bolti, nikaangalia chemba (pale risasi inapokaa), nikaingiza na kidole kuhakikisha iko tupu, kisha nikaifunga bolti kwa nguvu kama mtu anayeharakisha kuweka risasi ya pili. Ta! Pini ya kupigia risasi imeruka. Nikarudia, ta! Nikaifunga polepole, ikashika. Nikagonga kitako kidogo tu kwenye mkeka, ta! Mizani nayo ikasoma chini ya nusu kilo.

Nikarudi kwake siku hiyo hiyo. Akaipokea, akaifunga taratibu kama anafunga mlango wa chumba alicholala mtoto, ikashika, akanitazama. "Si unaona? Haina shida. Wewe funga taratibu tu, usiifunge kwa nguvu. Wateja wangu wote wanapenda hivi."

Funga taratibu! Mnyama umemjeruhi, amegeuka anakuja, na wewe unatakiwa ukumbuke kufunga bolti taratibu! Na mbele yako kuna nani? Wote tunaoingia porini tunajua mnavyotembea: traka (mfuata nyayo) mbele, macho yakiwa ardhini, wewe nyuma yake, askari wanyamapori pembeni. Mgongo wa traka uko hatua chache tu kutoka kwenye mtutu wako. Ukiweka risasi chemba ikajifyatua yenyewe, anayekufa ni yule kijana aliyeacha familia yake akaja kukusaidia kutafuta nyayo. Fundi atakuwa dukani kwake anapokea bunduki nyingine.

Nilidai hela yangu, akakataa. Hela ataitafuna, itaisha. Kinachoniuma ni alichokifanya ndani ya ile triga.

Nimetoa mbao nikaangalia. Springi imekatwa kipande kwa koleo, ncha bado inang'aa. Na jino limepigwa tupa. Kwa wasiojua, ukikoki bunduki ya bolti (ukiiweka tayari kufyatua), pini ya kupigia inabaki nyuma ikiwa imebanwa na springi kali, na kinachoizuia isiruke ni jino dogo la chuma ambalo triga inalishikilia. Sehemu mbili za chuma zinazoshikana pale ni finyu, chini ya milimita moja. Usalama wa kila aliye mbele ya mtutu umekalia hapo. Chuma hicho kimefanywa kigumu, na mara nyingi ugumu huo ni wa ngozi ya juu tu. Ukikipiga tupa umeondoa ngozi, umefika kwenye chuma laini, nacho kinalika kila unapofyatua. Kwa hiyo hata ingeshika leo, mwezi ujao isingeshika. Ukiongeza na pembe kuharibika, jino linateleza kwa mshtuko mdogo tu. Mistari ya tupa kwenye jino langu imekwenda mshazari, inaonekana kwa macho bila hata miwani.

Na haikuwa lazima hata kidogo! Triga nyingi za aina hii zina skrubu za kurekebisha. Moja inakaza au kulegeza springi, na hiyo ndiyo ya uzito. Nyingine inapanga jino lishikane kiasi gani, na nyingine inaamua triga isogee umbali gani baada ya pini kuruka. Fundi mwenye akili anagusa ile ya uzito peke yake, na kabla ya kuigusa anaweka alama ya mahali ilipokuwa. Anazungusha robo mzunguko, anapima kwa mizani, mara kadhaa, maana kipimo kimoja kinadanganya. Springi ikishafika mwisho wake na bado triga ni nzito, basi inanunuliwa springi nyingine iliyotengenezwa kwa bunduki hiyo. Haikatwi. Ile skrubu ya jino anaiacha kama kiwanda kilivyoiweka, kwa sababu ukipunguza mshikano triga inahisi tamu sana kidoleni, na utamu huo ndio unaoua.

Tena pengine hata skrubu haikuhitajika. Bunduki iliyokaa miaka kabatini karibu na ziwa, mafuta yameganda ndani ya triga, vumbi la barabara ya Maswa limeshikana nayo, kutu imeanza kwenye pini ndogo, hiyo lazima iwe nzito. Inasafishwa kwa kiyeyusho kinachokauka bila kuacha utando, inaachwa ikauke, ndipo inapimwa upya. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunamimina mafuta ndani ya triga tukidhani tunaitunza, na yale mafuta yanakamata vumbi.

Kuna kipimo ambacho fundi huyu hakukifanya, nina uhakika, na ambacho nakuomba wewe unayesoma ukakifanye leo kwenye bunduki yako. Risasi zote ziwe chumba kingine. Chemba iwe tupu, imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamkuta mtu, hata kama una uhakika ni tupu. Funga bolti kwa nguvu mara nyingi, pini isiruke hata mara moja. Koki, gonga kitako kwenye mpira au mkeka mnene, kisha gonga pembeni kwa kiganja. Halafu koki, weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta triga kwa nguvu, achia, toa kidole, ndipo utoe sefti. Pini ikiruka hapo, hiyo bunduki haitoki nyumbani, na sitaki kusikia habari ya "ilitokea mara moja tu."

Kwa wanaodhani natia chumvi: mwaka 2000 huko Montana, Marekani, mama mmoja alitoa sefti ya Remington Model 700 ili aondoe risasi chemba, bunduki ikalia, mtoto wake wa miaka 9 akafariki. Familia ililaumu triga, kampuni ikakana. Na Aprili 2014 kampuni hiyo hiyo iliwaita wateja warudishe Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006, kwa sababu gundi ya kuzuia skrubu isilegee ilizidi kiwandani na bunduki ingeweza kufyatuka bila kuvutwa. Gundi tu! Hicho ni kiwanda chenye wahandisi na mashine za kupimia. Sasa wewe una tupa na koleo, huna hata mizani, unapima triga kwa kidole gumba.

Nanyi mnaosifia triga za kugusa tu, mnaopeana simu mkionyeshana video, mnachangia. Triga ya gramu mia mbili ni ya mtu aliyelala kwenye mkeka wa mashindano, analenga karatasi, hana mtu mbele yake. Porini mkono unatetemeka, umepanda kilima unahema, kidole kimekufa ganzi kwa baridi ya alfajiri. Hapo unataka triga inayokusubiri uamue.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuacha kazi ya kutengeneza silaha iwe ya kila mwenye koleo. Jumatatu naenda kituoni na bunduki, risiti na picha za lile jino, nitaandika maelezo. Wenzangu mliopitia kwa fundi huyu mnajijua, na duka mnalijua. Kafanyeni hicho kipimo kwanza, ikijifyatua njooni tuandike pamoja, maana mlalamikaji mmoja ataambiwa ana ugomvi binafsi.

Bolti nimeitoa na kuifungia mbali na bunduki. Mwenye kujua wapi napata springi na jino halisi la Brno ya zamani, na fundi mwenye leseni awe Mwanza, Arusha au Dar, aweke hapa chini. Akitaja fundi, aseme pia kama anapima kwa mizani.