Mjadala: Aliyenaswa simu zake na idara ya usalama, ana haki ya kuja kuambiwa?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Msimamo wangu ni kwamba mtu ambaye idara ya usalama ilimsikiliza simu au kumsoma ujumbe anapaswa kuambiwa uchunguzi ukishafungwa. Sidai aambiwe wakati kazi inaendelea, wala sidai majina ya maofisa au ya watoa habari. Nadai barua moja tu: tulinasa mawasiliano yako tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, kwa kibali cha jaji, na ukiona umeonewa peleka malalamiko yako mahali fulani.

Najua wengi wanaodai uwajibikaji huanzia kwenye kamati za bunge na ripoti za mwaka. Mimi naanzia kwenye barua kwa sababu asiyejua kwamba amefuatiliwa hana pa kuanzia kulalamika. Katiba inaweza kumpa faragha, sheria ikampa mahakama, na bado asiingie hata mlangoni.

Chukueni Marekani. Februari 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilitupa kesi ya wanasheria, waandishi wa habari na mashirika ya haki za binadamu waliopinga sheria ya kunasa mawasiliano ya watu walio nje ya nchi. Mahakama haikufika hata kwenye swali la kama sheria ni halali. Walioshtaki waliambiwa hawajathibitisha kwamba wao wenyewe wananaswa. Uthibitisho ulikuwa wapi? Kwenye makabati ya upande wa pili, umepigwa muhuri wa siri.

Miezi minne baadaye Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkandarasi wa NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano, akavujisha nyaraka za siri. Moja ilikuwa amri ya mahakama ya siri inayotoa vibali vya ujasusi, iliyoitaka kampuni ya simu ya Verizon iikabidhi NSA, kila siku, rekodi za simu za wateja wake: namba ipi imepiga ipi, saa ngapi, kwa muda gani. Wateja wote, si mtuhumiwa mmoja. Ndani ya amri hiyo hiyo kampuni ilikatazwa kumwambia mtu yeyote. Shirika la haki za kiraia la ACLU, ambalo mawakili wake ndio walioshindwa ile kesi ya Februari, lilikuwa mteja wa Verizon. Safari hii lilikuwa na karatasi mkononi. Mpango huu ulikuwa tofauti na ule wa kwanza, lakini angalieni matokeo: Mei 2015 mahakama ya rufaa ilisema sheria haikuwa imeruhusu ukusanyaji wa jumla namna ile, na mwezi uliofuata Bunge likabadili sheria. Kilichofungua mlango ni kujua, na kujua kwenyewe kulitegemea mtu mmoja aliyekubali kuhatarisha maisha yake yote. Haki ya raia haiwezi kukaa inamsubiri mtu wa namna hiyo.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umejenga hoja vizuri, lakini unaongea kana kwamba faili la usalama lina tarehe ya kufungwa kama faili la wizi wa gari. Mitandao ya ugaidi, ujasusi na magendo ya silaha hudumu miaka. Ukimwandikia mmoja leo, jioni wenzake wote wamejua. Watapiga hesabu: tarehe hiyo nilikuwa naongea na nani, kwa laini ipi, na nani alijua laini hiyo? Hapo mtoa habari ameshafahamika bila jina lake kutajwa popote. Hili huwa linapitwa haraka sana na watu wa haki za binadamu, na linaua.

Halafu msikilize hata mahakama unayoweza kuitegemea. Mwaka 1978, katika kesi ya Klass dhidi ya Ujerumani, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kwamba kumtaarifu kila aliyefuatiliwa kunaweza kuharibu lengo la ufuatiliaji na kuanika mbinu za kazi. Ujerumani ilishinda.

Jaji yupo, kamati ya bunge ipo. Tuziimarishe hizo. Raia hawezi kuwa msimamizi wa ujasusi.

Mleta mada

Mkuu, la mtoa habari nalikubali kwa uzito wote. Ndiyo maana jaji lazima awe na mamlaka ya kuahirisha barua. Lakini idara iende yenyewe kila mara kueleza kwa nini bado ni mapema. Kilichopo nchi nyingi ni ukimya wa milele ambao hakuna aliyeuomba na hakuna anayeupima.

Kesi ya Klass umeisoma nusu. Ujerumani ilishinda, ndiyo, lakini Ujerumani hiyo tayari ilikuwa na sharti la kumtaarifu mtu pale ambapo kufanya hivyo hakuhatarishi tena kazi. Na mahakama ile ile ilisema mtu anaweza kulalamika bila kuthibitisha kwamba alifuatiliwa, kwa sababu usiri wenyewe ndio unaomnyima uthibitisho. Ni kinyume kabisa cha walichoambiwa Wamarekani mwaka 2013.

Kuhusu jaji na kamati: ile mahakama ya siri ya Marekani, tangu ianze kazi mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 2012, ilipokea maombi ya vibali zaidi ya 33,000 na yaliyokataliwa hayafiki 20. Mtanijibu kwamba mengine yalirekebishwa kabla ya kupitishwa, na ni kweli. Lakini jaji anayesikiliza upande mmoja, mlango umefungwa, na mlengwa asijue maisha yake yote, atajuaje kwamba amedanganywa?

Kamati nayo. Machi 12, 2013, Seneta Ron Wyden alimuuliza mkuu wa ujasusi wa Marekani, James Clapper, mbele ya kamera: je, NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani? Swali alikuwa ametumiwa siku moja kabla. Clapper akajikuna kichwa, akajibu hapana, si kwa kujua. Wyden, kama mjumbe wa kamati, alishajua ukweli. Hakuweza kuusema, kwa sababu ulikuwa siri. Tazameni video yake, mtaelewa kwa nini siwezi kuambiwa "kamati ipo" nikaenda kulala.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnazungumzia nchi ambazo idara huomba kibali. Vipi pale inaponunua programu ya udukuzi na kuipandikiza kwenye simu bila kumuuliza jaji yeyote? Mwaka 2019 WhatsApp iligundua programu ya Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, ikipenyezwa kwenye simu za watu wapatao 1,400 kupitia mfumo wake wa kupiga simu. Miongoni mwao walikuwa waandishi wa habari na watetezi wa haki. NSO huuzia serikali. Waliotaarifu wahanga hawakuwa serikali hizo, ni WhatsApp.

Kwa hiyo barua ya mleta mada itaandikwa na idara zenye adabu tu. Mimi ningeanza na manunuzi: bunge lione mikataba ya vifaa hivi kabla pesa haijatoka.

Mleta mada

Hilo la manunuzi nalichukua bila ubishi. Ila sheria ya barua inasaidia hata hapo. Nchi ikiwa na sharti la kutaarifu, kumfuatilia mtu bila kibali na kumficha kunakuwa kosa lenye anwani. Bila sharti hilo, aliyefuata sheria na aliyeivunja wote wanaonekana sawa, maana wote wamenyamaza.

Mfano wa Afrika Kusini unanigusa kuliko yote. Mwandishi wa habari za uchunguzi Sam Sole alishuku mwaka 2008 kwamba simu zake zinasikilizwa. Akalalamika kwa mkaguzi mkuu wa ujasusi, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililoonekana. Mwaka 2015 mazungumzo yake na mwendesha mashtaka wa serikali yakatokea yameandikwa kwenye viambatisho vya kiapo katika kesi ya watu wengine kabisa. Yaani alijua kwa bahati. Februari 4, 2021 Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya kunasa mawasiliano inapingana na katiba kwa sababu, pamoja na mambo mengine, haikuwa na sharti la kumtaarifu mtu. Ikaweka utaratibu wa muda: ataarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kwisha, na jaji anaweza kuahirisha. Aidha ikasema unasaji wa jumla uliokuwa ukifanyika haukuwa na sheria yoyote nyuma yake.

Na kwa wanaoogopa kwamba barua itawaachia wahalifu: mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mshtakiwa lazima ataarifiwe pale ushahidi dhidi yake unapotokana na ujasusi wa mawasiliano, na ikasema ule mpango wa rekodi za simu ulivunja sheria. Aliyekata rufaa, dereva teksi wa San Diego aliyetiwa hatiani kwa kuwatumia pesa al-Shabaab, hakuachiwa. Hukumu yake ilibaki.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hiyo kesi ya mwisho inahusu mtu aliyeshafikishwa mahakamani. Huyo hata mimi nakubali ataarifiwe, kwa sababu anapigania uhuru wake. Tunayebishana juu yake ni yule ambaye hakushtakiwa kamwe na bado jina lake limo kwenye mtandao unaochunguzwa.

Kwa huyo, siku 90 nakataa. Nipe miaka miwili, jaji asiyeteuliwa na waziri anayesimamia idara hiyo hiyo, na tarehe za kwenye barua zitajwe kwa mwaka, siyo kwa siku, ili asiweze kupiga hesabu ya nani aliongea. Hapo tunaweza kuanza kuandika kifungu. Wewe kwenye hilo la tarehe unasemaje?